Tunachokijua Nacho Ni Mchango

(Maneno yaliyosemwa kwenye hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam)



Kamati imetuomba sisi tunaotunza hesabu za chama tuseme machache kabla bahasha hazijaanza kupita. Tunafahamu kwamba wahasibu wakisimama kwenye hafla ya namna hii, watu hushika mifuko yao. Tulieni. Fedha tutafika, maana bati hazinunuliwi kwa maneno mazuri. Lakini leo tungependa kuanza na kitu ambacho kwenye vitabu vyetu hakijawahi kuwa na safu yake.

Mliposajiliwa mlangoni mlipewa kadi ya ahadi. Ina jina lako, kijiji unachotoka, namba ya simu na kiasi unachoahidi. Kwa kadi hiyo tunajua nani ametoa elfu ishirini na nani ametoa laki tano. Hatujui kwa kadi hiyo nani kati yetu ni muuguzi, nani ni fundi umeme, nani anajua kuandika andiko la mradi likakubaliwa, nani akiongea na vijana wanamsikiliza. Tumekutana miaka mingi, tumekula pamoja sato na ugali wa udaga, tumezikana, tumeozeshana, na bado ukituuliza chama hiki kina nini, tutakusomea salio la benki.

Hoja yetu leo ni kwamba salio hilo ni sehemu tu ya mali yetu. Sehemu nyingine imekaa kwenye viti hivi. Na sehemu hiyo ndiyo mara nyingi inayoamua kama fedha zenu zitafanya kazi au zitalala.

Tuwape mfano wa nyumbani. Katika kijiji kimoja cha kandokando ya ziwa, wananchi walianza kujenga zahanati. Jina la kijiji hatulitaji, kwa sababu jambo limekwisha vizuri na hatutaki mtu aoneshwe kidole. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji. Chama kikachangia saruji. Ukuta ulipofika usawa wa lenta, kazi ikasimama.

Fedha ya bati ilikuwapo. Ilikuwa benki, ikisubiri taarifa ya matumizi ya saruji, maana utaratibu wetu mnaujua: awamu ya pili haitoki mpaka awamu ya kwanza ielezwe. Taarifa ilipoandaliwa, mifuko 14 haikuonekana.

Mnajua kinachofuata kijijini kwetu. Maneno. Aliyekuwa anashika ufunguo wa stoo ni mzee wa watu, aliyekubali kazi hiyo bila malipo kwa sababu nyumba yake iko jirani na eneo la ujenzi. Akaanza kusalimiwa nusu nusu. Kwenye kilabu watu wakawa wanabadilisha mazungumzo akifika. Sisi watu wa Mara hatujui kubembeleza. Mtu tukimshuku, hata mbwa wake anajua. Mzee akapeleka ufunguo kwa mwenyekiti wa kijiji na kusema amechoka.

Mwezi wa Desemba wanachama wetu wawili walikuwa nyumbani kwa sikukuu. Wakamwomba mzee daftari lake, wakaketi naye mchana mmoja na asubuhi iliyofuata. Daftari lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Kila mfuko ulioingia ulikuwamo, na tarehe. Tatizo lilikuwa upande wa kutoka: mzee aliandika jina la fundi aliyechukua, hakuandika ni kwa kazi gani, na hakuna aliyewahi kumwelekeza aandike. Wakapiga mistari upya: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa kazi gani, nani amepokea, kilichobaki. Wakapita jina kwa jina. Walipofika kwenye mifuko 14, mzee akakumbuka. Shule ya msingi ilikuwa inamalizia vyoo, ikaazimwa saruji kwa idhini ya mkutano wa kijiji. Muhtasari wa mkutano ulikuwapo. Karatasi iliyosainiwa na mwalimu aliyepokea nayo ilikuwapo, imekunjwa ndani ya daftari jingine.

Taarifa ikaandikwa, fedha ya bati ikatoka, zahanati imeezekwa. Na kwenye mkutano wa hadhara mzee akasimamishwa, akashukuriwa mbele ya watu wale wale waliokuwa wanamsalimu nusu nusu.

Ndugu zetu, tunaomba mlitazame jambo hili kama sisi tunavyolitazama. Kijiji hakikukosa fedha, na hakikukosa uaminifu pia. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga mistari sita kwenye daftari. Ujuzi huo mjini tunao wengi, tena tumeuzoea kiasi kwamba hatuuoni kuwa ni kitu. Gharama yake ilikuwa kalamu, daftari na kama saa nane za watu wawili. Kwenye vitabu vya chama, saa hizo hazikuandikwa popote.

Sasa kuna neno tunalolitumia sana: talanta. Siku hizi mtu akisema talanta tunafikiria kuimba, kucheza mpira, kuchora. Lakini asili ya neno hilo ni kipimo cha uzito na cha fedha katika dunia ya kale ya Wagiriki na jirani zao. Wanaosoma Biblia wanaukumbuka mfano wa bwana aliyewagawia watumishi wake talanta kisha akarudi kufanya nao hesabu. Kwa hiyo neno hili lilikuwa la wahasibu kabla halijawa la wanamuziki. Na mtumishi aliyelaumiwa mle hakula fedha ya mtu. Aliichimbia chini.

Swali ni jinsi ya kujua ulichonacho. Wengi wetu tukiulizwa tunasema, "Mimi sina kipaji, mimi ni mtu wa kawaida." Tunadhani kuna maswali mawili yanayosaidia kuliko kujitazama kwenye kioo. La kwanza: watu wanakufuata kwa jambo gani? La pili: ni jambo gani ukiliona huwezi kupita kimya? La kwanza linaonesha kipaji chako. La pili linaonesha tunu yako, yaani kile unachokithamini kweli, hata kama hujawahi kukitamka.

Tumchukue mtu tunayemjua wote. Mwaka 1934, mtoto wa Chifu Burito wa Butiama, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa kuanza shule Mwisenge, pale Musoma. Alikwenda akijua Kizanaki. Kiswahili alikifundishwa shuleni. Miaka 29 baadaye, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Kipaji cha lugha kilikuwamo ndani ya mtoto yule. Lakini wenye vipaji vya lugha ni wengi, na wengine huvitumia kuwalaghai watu. Kilichomtofautisha Julius Nyerere ni pale alipokipeleka.

Akiwa mwanafunzi Makerere, kati ya 1943 na 1945, aliandika insha iliyochukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill juu ya kudhulumiwa kwa wanawake na kuyapima kwa maisha ya Wazanaki. Insha hiyo ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa Chifu. Kijana huyo hakwenda mbali kutafuta la kuandika.

Kuanzia 1946 alifundisha St. Mary's, Tabora. Baada ya kazi akawa anawafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Hakuna aliyemlazimisha, walihitaji, naye alijua. Hapo hapo Tabora, kwa muda mfupi, alifanya kazi ya kukagua bei madukani. Aliandika taarifa kuhusu wafanyabiashara waliokuwa wanadanganya bei. Taarifa zilipopuuzwa na wakubwa, aliiacha kazi hiyo. Sisi wahasibu tunaipenda sana habari hii. Kuna wengi wenye uwezo wa kukagua. Wachache ndio hukataa kuendelea kukagua pale wanapoona ukaguzi wao haumlindi mnunuzi.

Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ualimu wa Pugu wenye mshahara na kazi ya TANU, chama kilichozaliwa mwaka mmoja kabla, tarehe 7 Julai 1954. Akaacha mshahara, akarudi nyumbani Butiama na familia. Katika kipindi hicho alimfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll. Tazameni: lugha aliyokwenda nayo Mwisenge akiwa mtoto, ambayo pengine aliona si kitu mbele ya Kiingereza cha Edinburgh, ndiyo iliyomsaidia alipokuwa hana kazi.

Hatumtaji Mwalimu ili kila mtoto wa Mara ajione lazima awe Rais. Tunamtaja kwa sababu safari yake inaonesha kitu ambacho kila mmoja wetu anaweza kukipima. Kipaji chake kilijulikana kwa yale watu waliyomfuata awafanyie. Tunu zake zilijulikana kwa yale aliyokuwa tayari kuyaacha.

Na kama mtu atasema hayo ni ya zamani, ya watu wakubwa, tumtaje binti wa mkoa wetu wa leo. Rhobi Samwelly amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa msichana mdogo na nusura apoteze maisha. Jambo lile hakuweza kulipita kimya. Lakini hasira peke yake haimlazi mtoto mahali salama. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuzungumza na watu wa aina zote: wazee wa mila, polisi, ustawi wa jamii, wazazi, na mabinti wenyewe. Kwa uwezo huo ameongoza nyumba salama Mugumu, Serengeti, na nyingine katika wilaya yetu ya Butiama, ambako wasichana wanaokimbia kukeketwa au kuozeshwa wanapokelewa, wanasoma, wanafundishwa kushona, na inapowezekana wanapatanishwa na familia zao. Sheria dhidi ya ukeketaji wa watoto tunayo tangu 1998. Sheria peke yake haifungui mlango usiku wa Desemba binti anapobisha hodi. Anayefungua ni mtu.

Kazi hiyo ina jambo jingine la kutufaa. Vijiji vingi vya kwetu havikuwamo kwenye ramani, kwa hiyo mtu akipiga simu kuomba msaada, gari la kumfuata binti lilikuwa linapotea njia. Watu wa kujitolea, wengine wako nchi za mbali kabisa na hawajawahi kuona Ziwa Victoria, walikaa na kompyuta zao wakachora nyumba na njia kutoka kwenye picha za setelaiti. Vijana wa vijijini, wakiwa na simu zao, wakaongeza majina: huu ni mlima gani, hii ni shule ipi, hapa ni kwa nani. Anayejua kompyuta hakujua majina. Anayejua majina hakuwa na kompyuta. Wakakutana, na gari likafika. Wala hapo hatuoni aliyetoa kikubwa na aliyetoa kidogo.

Sasa turudi kwetu, kwenye ukumbi huu. Tumejaribu kuhesabu, bila kuwataja, tuliokaa nao.

Kuna wauguzi na wakunga humu, wengine wamestaafu. Zahanati tuliyoezeka itahitaji kamati ya afya inayojua dawa zinaagizwaje na stoo ya dawa inatunzwaje. Muuguzi mstaafu akikaa nao wiki moja, atawaachia kitu ambacho fedha yetu haiwezi kununua dukani.

Kuna mafundi. Siku hizi majengo mengi ya serikali vijijini hujengwa kwa utaratibu wa forsi akaunti: kijiji chenyewe huunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Ni utaratibu mzuri, umepunguza gharama. Lakini anayeingia kwenye kamati ya mapokezi ni mkulima au mvuvi, naye anatakiwa aseme kama nondo iliyoletwa ni ya unene ulioandikwa na kama tofali limekauka inavyotakiwa. Fundi wetu mmoja, akienda na rula na nyundo yake, anaweza kuwafundisha kwa siku moja. Wahasibu wanaweza kufundisha nusu siku inayobaki: bei kutoka kwa wauzaji watatu, hati ya mapokezi, risiti ya mashine, hakuna malipo bila saini mbili.

Kuna wanaojua kuandika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Akina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo yetu wanaihitaji ili watoke kwenye kuanika mchangani na kujenga vichanja, maana dagaa asiye na mchanga anauzika kwa bei bora. Lakini kikundi kinatakiwa kuwa na katiba, kiandikishwe, kifungue akaunti, kiwe na andiko la mradi. Mama anayejua dagaa kuliko profesa yeyote anarudishwa kwa sababu ya karatasi. Hapa mjini kuna watoto wetu wanaoandika maandiko ya miradi ya mamilioni kwa ajili ya wengine. Andiko la kurasa nne kwa mama yake mdogo linamshindaje?

Kuna askari wastaafu, na kwetu hao hawakosekani. Wanajua nidhamu, wanajua kupanga watu, wanajua kuamka alfajiri. Shule inayopanda miti kila mwaka na kila mwaka miti inaliwa na mbuzi inamhitaji askari mstaafu kuliko inavyohitaji miche.

Kuna akina mama ambao hawakusoma sana lakini wamelea, wameuza, wameendesha vikoba kwa miaka bila shilingi kupotea. Na kuna vijana wa chuo wanaodhani hawana la kutoa kwa sababu hawana mshahara. Kijana anayejua hesabu, akikaa likizo moja na watoto wa darasa la saba wa kijijini kwake, ametoa mchango ambao mtoto atakaa nao maisha yake yote.

Kama bado hujijui, fanya hivi wiki hii. Waulize watu watatu wanaokufahamu, mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini na mmoja wa kijijini: "Ninyi huwa mnaniita kwa jambo gani?" Usiwabishie. Halafu tazama nyuma, ni kazi gani umewahi kuifanya bila kulipwa na hukuona muda unakwenda. Mwisho jiulize, ukifika nyumbani Desemba, ni kitu gani cha kwanza kukukera. Mwingine atasema choo cha shule. Mwingine, vijana wanaoshinda kwenye kamari. Mwingine, wajane wanaonyang'anywa mashamba. Pale ambapo kero yako na uwezo wako vinakutana, hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini wahasibu hatuwezi kumaliza bila tahadhari, msije mkadhani tumegeuka wahubiri.

Kwanza, ujuzi haufuti fedha. Kuna mtu atasikia maneno haya na kusema, "Basi mimi nitatoa kipaji," akarudisha bahasha tupu. Hapana. Misumari inauzwa kwa shilingi. Tunachosema ni kwamba mwenye fedha na ujuzi atoe vyote viwili kwa kadiri yake, na asiye na fedha asijione hana nafasi kwenye chama hiki.

Pili, tusiwapelekee watu tunachopenda kuonesha. Tuwaulize wanachohitaji. Kijiji kikisema kinataka mtu wa kuwasaidia kusoma mkataba wa eneo la machimbo, usiende kuwafundisha kilimo cha matikiti kwa sababu ndicho ulichokisoma. Mkarimu asiyeuliza huwachosha wenyeji wake.

Tatu, ahidi kidogo na umalize. Siku mbili zilizotimia ni bora kuliko mwaka mzima ulioahidiwa. Kijijini wanakumbuka ahadi kuliko tunavyodhani, na jina la chama linachafuka kwa ahadi hewa kama linavyochafuka kwa fedha iliyopotea.

Nne, iandikwe. Kwa mhasibu, kisichoandikwa ni kama hakikutokea. Wananchi wanaposomba mawe na mchanga, wataalamu wa halmashauri huthamini nguvu zao kwa shilingi na kuziandika kwenye gharama ya mradi. Kwa nini nguvu za muuguzi wetu, za fundi wetu, za mwanafunzi wetu zisiandikwe? Hatuziandiki ili mtu ajivune. Tunaziandika ili tujue tuna nini, tujue nani tumwombe, na ili aliyejitolea mwaka huu asisahaulike mwaka ujao.

Mwana wa Bunda, Jaji Joseph Warioba, aliongoza tume iliyoandaa rasimu ya Katiba ya mwaka 2013. Katika rasimu ile tume ilipendekeza tunu za taifa, na miongoni mwake ni utu, uadilifu, umoja, uwazi na uwajibikaji. Kila mtu ana maoni yake kuhusu mchakato ule, na hapa si mahali pake. Lakini maneno hayo hayahitaji kusubiri Katiba ili yafanye kazi kwetu. Mzee wa stoo alirudishiwa utu wake kwa uwazi wa daftari. Chama hiki nacho kinaweza kuwekwa kwenye mizani hiyo hiyo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, tuna ombi moja, na kamati imelikubali. Geuzeni kadi zenu za ahadi. Nyuma yake, mwaka huu, tumechapa mistari mitatu. Mstari wa kwanza: ninachokijua. Mstari wa pili: siku ninazoweza kutoa nikiwa nyumbani, au saa ninazoweza kutoa nikiwa hapa mjini kwa simu. Mstari wa tatu: kijiji au shule ninayopenda kuanza nayo. Usiandike mambo kumi. Andika moja. Tutaziingiza kadi hizo kwenye daftari la ujuzi la chama, na daftari hilo litasomwa kwenye mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha, ukurasa kwa ukurasa, mkiwa na haki ya kuuliza maswali yale yale makali mnayotuuliza kuhusu fedha.

Kazi za kuanzia tayari zipo tatu, zimeombwa na vijiji vyenyewe. Kuna kamati za ujenzi zinazotaka kufundishwa utunzaji wa stoo na kumbukumbu. Kuna vikundi vya akina mama wa dagaa vinavyotaka msaada wa katiba na andiko. Na kuna zahanati yetu, yenye bati mpya juu, inayotaka kamati yake ya afya ianze vizuri. Sisi wahasibu tumekwisha kuandika majina yetu kwenye kazi ya kwanza, siku mbili kila mmoja, Desemba hii. Mzee wa stoo amekubali kufundisha pamoja nasi. Amesema atawaonesha daftari lake la zamani na la sasa, ili waone tofauti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nyumbani wanajua kututunza. Kila anayekwenda likizo anarudi na kuku, karanga na dagaa kuliko basi linavyoruhusu. Safari hii twende na sisi tuna kitu mkononi, pamoja na kitu kichwani.

Bahasha sasa zinaweza kupita. Kalamu ziko mezani. Tunaomba mjaze pande zote mbili.